Mashine ya koyote katika msitu wa Sokoke

Mtu akiniletea spika dukani akataka nimtengenezee ya kuitia ndege, kabla hatujaongea bei namuuliza: kitufe cha kuzima kiko wapi, na utakipata gizani kwa kidole bila kuwasha tochi? Wengi hushangaa. Wao wamekuja kutafuta sauti. Wanataka ipige kwa nguvu, ipige muda mrefu, na zaidi ya yote ipige yenyewe, wao wakiwa wameshika kamera.

Mimi ni fundi wa simu na redio hapa Malindi mjini. Kazi yangu ya pili, ambayo naipenda kuliko ya kwanza, ni kubeba vyombo vya sauti vya mjomba wangu anapowapeleka wageni msitu wa Arabuko-Sokoke usiku. Mjomba ni Mgiriama wa Gede, amekulia ukingoni mwa msitu, na ndege wa mle huwajua kwa masikio kabla ya macho. Mimi najua betri, waya na spika. Mengi ninayoyaandika hapa nimeyapata kwake, mengine nimeyapata kwa kufungua mashine na bisibisi.

Mashine ninayotaka kuizungumzia mjomba aliachiwa na mgeni wa Kimarekani, mzee mpole aliyekuja na mkewe kuangalia ndege. Ilikuwa mashine ya kuitia koyote. Koyote ni mnyama wa jamii ya mbwa, anafanana na mbweha wetu ila ni mkubwa zaidi, na makao yake ni Amerika ya Kaskazini na ya Kati, kuanzia jangwani hadi ndani ya miji mikubwa kama Chicago. Huwindwa sana kule, na majimbo mengi ya Marekani huruhusu awindwe mwaka mzima. Mashine ni boksi la plastiki ngumu lenye spika ya tarumbeta, mkono wa kubebea, mahali pa betri, na rimoti yenye skrini ndogo. Mle ndani mlikuwa na sauti chungu nzima: sungura aliyenaswa, panya anayelia, koyote anayebweka kwa mbali, watoto wa koyote wanaolia kwa maumivu.

Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo sauti zile hazikuwa na kazi kwetu. Mjomba alisikiliza mbili tatu, akasema, "Mpwa wangu, zifute. Kilio cha mtoto siingii nacho msituni, hata akiwa mtoto wa mnyama nisiyemjua." Nikazifuta, nikaweka za kwetu. Lakini kabla ya kuzifuta nilikaa na ile mashine nikaisoma, na nilichokiona kimenikaa kichwani hadi leo, maana walioiunda walimfikiria mnyama wao kwa makini sana.

Mwindaji wa koyote hakai karibu na mashine. Huiweka mbali, mita thelathini, hamsini au zaidi, kisha yeye hujificha na rimoti yake. Koyote huja macho yakiwa kule inakotoka sauti, na kabla hajajitokeza hupenda kuzunguka hadi upande unaopelekewa upepo ili anuse kwanza. Mwindaji anataka macho yale na pua ile viwe kwenye boksi, visiwe kwake. Halafu mikono yake imeshika bunduki, na akitikisika tu ameonekana. Mtu kama huyo hana kidole cha kubonyezea vitufe. Ndiyo maana mashine zao zikafundishwa kujiendesha.

Kuna ya kupandisha na kushusha sauti yenyewe, kwa sababu sungura aliyenaswa halii kwa kiwango kimoja. Hupiga ukelele, huishiwa nguvu, huanza tena. Kuna ya kupanga mfululizo mapema: sauti hii dakika kadhaa, kimya, kisha sauti ile, kisha ya tatu kwa nguvu zaidi, na mashine inatekeleza yote, mwindaji akiwa ametulia. Kampuni ya FOXPRO ina mashine zenye spika mbili zinazohamisha sauti kutoka upande mmoja kwenda wa pili, ili isikike kana kwamba mnyama anatembea, inaiita FOXMOTION. Ina pia FOXBANG, na hii ndiyo iliyonifanya niweke bisibisi chini. Mashine husikiliza. Ikisikia mlio wa bunduki, papo hapo hubadilisha sauti iliyokuwa ikipiga na kuanza nyingine aliyoichagua mwindaji, na wengi huchagua kilio cha mtoto wa koyote aliyeumia. Koyote wakija wawili na mmoja akapigwa, wa pili hukimbia. Akisikia kilio kile, huenda akasimama na kugeuka.

Nilipomweleza mjomba alinyamaza kwa muda, kisha akauliza, "Na huyo wa pili hurudi?"

"Mara nyingine, mjomba. Anasimama anaangalia."

"Basi hiyo mashine inajua huruma ya mnyama, na inaitumia."

Sikuwa na la kumjibu. Wale wanaofuga kondoo na mbuzi huko Marekani wana maneno yao kuhusu koyote, kama watu wa Kakuyuni na Jilore walivyo na maneno yao kuhusu tembo anayeingia shambani, na si kazi yangu kuwahukumu kutoka Malindi. Ninachokijua ni hiki: mashine ile imeundwa kwa mnyama ambaye ukishakutana naye, mambo yenu yamekwisha. Na sisi tunakwenda kumwita bundi ambaye tutamwita tena mwezi ujao, na mwaka ujao, kwenye kichaka kilekile. Kila kilichowekwa ndani ya mashine kijiendeshe chenyewe inabidi kipimwe upya kwa kipimo hicho.

Bundi mdogo wa Sokoke ana urefu usiofika sentimita 20. Sayansi ilimpa jina lake, Otus ireneae, mwaka 1966, na anapatikana pwani hii ya Kenya na chini ya milima ya Usambara Mashariki huko Tanzania, basi. Yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani. Ndani ya Arabuko-Sokoke haishi kila mahali. Msitu una sehemu zake: kuna mchanga mweupe wenye miti ya mirihi, kuna msitu wa mchanganyiko wenye mibambakofi, na kuna udongo mwekundu upande wa bara wenye vichaka vya Cynometra vilivyosongamana hata mtu hawezi kupita wima. Huko kwenye udongo mwekundu ndiko kwake. Mchana hulala vichakani, mara nyingi dume na jike bega kwa bega, wengine wa kijivu, wengine wa rangi ya kutu. Giza likiingia huanza kuita, mluzi laini unaorudiwarudiwa kwa mapigo yaliyo sawa, kisha kimya, kisha tena.

Huo mluzi maana yake ni kwamba pana mwenyewe. Ukimpigia sauti ya bundi mwenzake, yeye hasikii burudani. Amesikia mgeni amesimama uani kwake. Anaacha wadudu aliokuwa anawinda, anasogea, anaita. Kumbuka pia kwamba bundi wakubwa huwala bundi wadogo, na kila anapoita anajitangaza alipo. Hilo ni gharama kwake. Akilipa mara moja kwa muda mfupi, akaona mgeni ameondoka, anarudi kwenye shughuli zake na sisi tumemsikia na pengine tumemwona. Lakini ukiweka mashine ijirudie yenyewe, yule mgeni haondoki. Anaita, anaita, anaita, hachoki, hapumui, hahamishi tawi. Bundi wa kweli hafanyi hivyo. Mwenye uani atakesha analinda badala ya kula, au atanyamaza kabisa, na siku ukirudi na mashine yako hakujibu.

Wawindaji wa koyote wanalijua hili vizuri. Husema wao wenyewe kwamba koyote aliyeitwa vibaya, akaona au akanusa udanganyifu akaponea, huwa mgumu kuitika tena kwa sauti ileile. Ndiyo sababu huongeza sauti mpya kila msimu. Sisi hatuna sauti mpya ya kuongeza. Bundi huyu ana wimbo wake, tukiuchakaza hatuna mwingine.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ninachokizima kwenye mashine yoyote inayoingia msituni ni kule kujirudia. Na si kuzima kwenye menyu tu, maana menyu husahau ukitoa betri. Natengeneza faili lenyewe liwe fupi: bundi anaita kidogo, halafu faili linaendelea na kimya kirefu kuliko wito. Mtu akisahau, kinachojirudia ni kimya zaidi kuliko sauti. Nalipunguza nguvu pia hukohuko kwenye faili, ili hata kidole kikiteleza kwenye rimoti, spika ya tarumbeta isitoe ukelele. Spika ile ilikusudiwa kupeleka kilio cha sungura mbali kwenye mbuga wazi yenye upepo. Kwenye kichaka cha Cynometra usiku uliotulia, nusu ya nguvu zake inatosha kuamsha msitu mzima.

Ya kupandisha na kushusha sauti yenyewe nilitaka kuipenda. Kwa sungura ina maana. Kwa bundi haina, kwa sababu anayeita akiwa ametulia kwenye tawi hubaki kwenye kiwango chake, na sauti inayopanda ghafla humwambia bundi kwamba mgeni anamsogelea kwa ugomvi. Ile ya kuhamisha sauti kutoka spika hadi spika ni hivyohivyo.

Mfululizo uliopangwa mapema ndio unaowavutia zaidi waongozaji vijana, na hapo tumekwaruzana mara kadhaa, kwa heshima. Mmoja wao, kijana hodari ambaye mjomba mwenyewe humsifu, aliniambia: "Kaka, mgeni wangu ametoka Uingereza, amelipa, ana usiku mmoja tu. Nikibonyeza na kusubiri, nikibonyeza na kusubiri, ataniona sijui kazi. Mashine ikijipigia, mimi nashika tochi na namlinda asikanyage nyoka." Hoja yake ina uzito. Mapato ya kuongoza wageni ndiyo yanayofanya watu wa Gede, Mida na Dida waone msitu ni mali ukiwa umesimama, na mgeni aliyerudi kwao bila bundi hamwambii rafiki yake aje.

Nilimjibu kwa kumuuliza kuhusu tembo. Arabuko-Sokoke ina tembo, na usiku kwenye vichaka vile huwezi kumwona hata akiwa karibu. Unamjua kwa kitawi kinachovunjika, kwa tumbo linalonguruma. Mjomba husimama kabla ya kila wito akasikiliza dakika nzima nzima, na wageni hudhani anamtafuta bundi. Anamtafuta tembo kwanza. Mashine inayojipigia kwa mpango wake haijui kwamba mzee ameinua mkono. Inaendelea tu, na katikati ya sauti yake ndimo kitawi kinapovunjikia usikisikie. Yule kijana alikubali hapo. Kuhusu bundi bado tunaendelea kujadiliana.

Mjomba mwenyewe anaweza kumwita bundi kwa midomo, bila mashine yoyote. Nyumbani hapigi mluzi usiku hata kidogo. Amelelewa kwamba mluzi wa usiku huita visivyoitwa, na watoto akiwasikia huwakemea. Bundi naye watu wengi wa huku bado humwona ana uchuro, wakimsikia juu ya paa humtupia mawe. Mzee huyu anayeheshimu makatazo ya nyumbani huingia msituni akapiga mluzi kwa yule ndege anayeogopwa, akajibiwa. Nimesimama karibu naye nikisikia, na hakuna faili nililowahi kulisafisha lililofikia pale. Tofauti si ubora wa sauti. Midomo yake haifanani na bundi kwa asilimia mia. Tofauti ni kwamba baada ya mapigo machache hunyamaza, na akijibiwa hunyamaza zaidi. Haongezi. "Ameshasema yupo," ananiambia. "Unataka aseme nini tena?"

Sasa niseme kuhusu spika ndogo za Bluetooth, maana ndizo nyingi zaidi msituni, nyingi kuliko mashine za koyote, na ndizo zinazokuja dukani kwangu. Watu hawazihesabu kuwa na mambo ya kujiendesha, lakini zina mengi na yote ni mabaya kwa kazi hii. Ukiiwasha, mwanamke anatangaza kwa sauti kubwa kwamba spika imewaka. Ikiunganika na simu, anatangaza tena. Betri ikipungua, inalia. Ikikaa kimya kwa dakika kadhaa, inajizima ili kuokoa chaji, kwa hiyo wale wanaofuata ushauri mzuri wa kusubiri ndio wanaoadhibiwa: wakibonyeza mara ya pili, haina uhai, wanaiwasha upya, mwanamke anatangaza upya. Halafu simu yenyewe. Umeweka sauti ya bundi, mara unapigiwa, na mlio wa simu unatoka kwenye spika katikati ya msitu.

Dawa yake ni waya. Baadhi ya spika zina tundu la waya wa jeki, na zikitumia waya hutulia sana. Chagua yenye swichi ya kusukuma, si ya kubonyeza na kushikilia. Simu iwe kwenye hali ya ndegeni (airplane mode) kabla hujatoka barabarani Gede. Vifuniko vya taa za rangirangi mimi hubandika mkanda mweusi. Wale wanaotaka sauti za kuweka huzipata kwenye tovuti ya xeno-canto, iliyoanzishwa mwaka 2005, ambako watu wa dunia nzima huweka milio ya ndege waliyoirekodi. Na hata wao hufunga baadhi ya rekodi za ndege walio hatarini ili zisitumiwe kuwanasa.

Upepo ni jambo ambalo mashine yoyote haikusaidii. Kusi ikivuma, majani yanapiga kelele na sauti yako inabebwa upande mmoja tu. Wenzetu wa koyote hukaa wakiutazama upepo kwa ajili ya pua ya mnyama, sisi tunautazama kwa ajili ya masikio. Usiku wa kusi kali mjomba haitumii mashine kabisa. Huwapeleka wageni mchana kutafuta wanapolala.

Kuna sheria moja ya Marekani ambayo huwaambia waongozaji vijana wakidhani mimi ni mshamba anayeogopa teknolojia. Huko huko ambako koyote huitwa kwa mashine mchana na usiku, kanuni ya serikali kuu inakataza kuwinda bata na ndege wengine wahamao kwa sauti zilizorekodiwa au zilizokuzwa kwa umeme. Filimbi ya mdomo inaruhusiwa, mashine hapana. Walilegeza mwaka 1999 kwa mabata bukini weupe ambao walikuwa wamezidi hadi wanaharibu maeneo wanakozalia, kwa misimu maalumu. Yaani hata wawindaji walishaona kwamba ndege na mashine isiyochoka si mashindano ya haki, na wakaweka mpaka kwa ndege wanaotaka waendelee kuwapo.

Kuna kitu kimoja cha kujiendesha ambacho mimi ningekiweka kwenye kila spika inayoingia Sokoke, na sijakiona kwenye mashine yoyote iliyopita mkononi mwangu: cha kunyamaza chenyewe. Rimoti za koyote zina saa ya kuhesabu muda, na FOXBANG imeonyesha kwamba mashine inaweza kusikiliza na kuamua. Basi isikilize bundi. Ikisikia amejibu, ikate sauti, isikubali kupiga tena kwa muda mrefu hata mwenye rimoti akibonyeza. Kufundisha mashine itambue mluzi wa bundi ndani ya kelele za nyenze ni kazi inayonizidi kwa sasa, ingawa tayari kuna programu za simu zinazotambua milio ya ndege, kwa hiyo najua kwamba inawezekana.

Kwa sasa natengeneza kilicho rahisi. Ni saketi ndogo ya saa inayokaa kati ya betri na spika: ukibonyeza, inaruhusu wito mfupi, kisha inakata umeme na haiwashi tena hadi dakika ulizopanga zipite. Imeshafanya kazi mezani dukani. Mjomba ameishika, akaibonyeza mara ya pili makusudi, ikamkatalia, akacheka kwa furaha. Anataka niongeze kitaa kidogo chekundu kinachoonyesha kwamba bado imefungwa, ili asiwe anabishana na wageni gizani, mashine iwajibu. Kilichobaki ni boksi lisiloingia umande, na kupata tundu za jeki zisizolegea. Zile za bei rahisi zinazouzwa mjini haziwezi kustahimili barabara ya Jilore ndani ya mkoba wa pikipiki.